Za Kufunika Masikio Yote

Renatha alizivua hedifoni za kwanza kwa nguvu, akazisukuma juu ya kioo cha kaunta.

"Hapana."

"Dada, hizo ndizo namba moja," alisema Salum, mwenye duka. "Nimekuita mara tatu hukugeuka. Ukizivaa, radi ipige Songea nzima, wewe hujui."

"Nimesema hapana. Nipe nyingine."

Salum aliitazama kanga yake iliyopauka, akadhani ameelewa. Tatizo ni bei. Akashusha boksi jingine.

Renatha hakuwa na hamu ya kumweleza mtu. Alikuwa na hasira tangu alipoamka. Wiki ya tatu sasa mume wake, Urbani, alikuwa mahabusu. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbolea. Mifuko sitini ikapotea kwenye zamu yake, polisi wakambeba. Renatha naye alikuwa mpishi wa wafanyakazi wa ghala hilohilo. Kila asubuhi gari la kazini, Noah ya kijivu, lilimpitia Mjimwema. Mbele walikaa watu wawili: Leonce, dereva, na Amedeus, mtunza ghala. Akipanda tu, mazungumzo yao yalikatika. Kisha zikaanza dhihaka.

"Shemeji, mwizi wetu anakula vizuri huko?" Leonce humuuliza.

Na Amedeus hucheka mpaka mabega yanatikisika. Amedeus yuleyule aliyekula kwake Pasaka, akamaliza kuku, akamwita Urbani ndugu yangu wa damu.

"Kwani unazitaka za nini hasa?" Salum aliuliza. "Muziki? Mahubiri?"

"Za kuvaa garini, kwenda kazini na kurudi. Kubwa, zifunike masikio yote. Nataka mtu akiniona tu, ajue simsikii."

"Kuna watu wanakusumbua."

"Kuna watu," Renatha alijibu kwa mkato.

Alizijaribu za pili. Salum alisema kitu. Renatha aliona midomo tu ikicheza. Akazivua.

"Hapana."

Salum akashusha pumzi. Akatoa za tatu chini kabisa ya kabati, nyeusi, kubwa kama vibakuli, plastiki tupu. Renatha alipozivaa, Salum alimgeukia fundi simu aliyeketi pembeni, akanung'unika kwa sauti ya chini: "Huyu dada atatumalizia siku."

"Siku yako nakurudishia sasa hivi," Renatha alisema. "Nachukua hizi."

Salum aliona aibu. "Dada, biashara ni biashara, lakini sitaki kukudanganya. Hizo ni umbo tu. Hazizuii kitu."

"Nimekwambia nachukua."

Aliweka elfu kumi na mbili juu ya kioo, akatoka bila kuaga.

Jumatatu alipanda Noah hedifoni zikiwa kichwani, waya umezama mfukoni mwa sweta. Leonce alimtupia neno moja chafu kuhusu wanawake ambao waume zao wako ndani. Renatha alitazama mashamba ya mahindi, akitikisa kichwa taratibu. Vidole vyake vilishika mpini wa kikapu hadi vikauma.

"Renatha!" Amedeus aliita. "We Renatha, gari linaungua!"

Hakugeuka.

"Amekuwa kiziwi huyu," Leonce alicheka. "Afadhali. Na sisi tupumue."

Jumanne dhihaka zilipungua. Kumtukana mtu asiyejibu hakuna utamu. Jumatano wanaume wale waliongea wao kwa wao, kwanza kwa minong'ono, kisha kwa sauti ya kawaida, na mwisho kama watu walio kilabuni. Renatha aliendelea kutikisa kichwa. Mara moja tu machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga kabla hayajafika shavuni.

Siku hiyo aliunguza maharage. Wafanyakazi walipolalamika, aliwaambia asiyetaka akale kwao. Hawakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Alhamisi hakungoja gari. Alitembea kwa miguu, kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana, mpaka kituo cha polisi. Mezani alikuwapo askari mtu mzima, mwenye mvi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye mke wa Urbani? Kama umemletea chai, weka hapo." Askari alimtazama kichwani, akakunja uso. "Na uvue hayo madude, mama. Hapa si mahali pa kusikiliza muziki."

"Muziki sijasikiliza hata siku moja, afande."

Akazivua, akachomoa waya, akaweka simu juu ya meza na kubonyeza.

Kwanza ulisikika mngurumo wa Noah ikipanda kilima. Kisha ikaja sauti ya Amedeus, kubwa, yenye raha zake: "Ongea tu, Leonce, mke wa mwizi hasikii. Mifuko yote sitini iko Nalasi, kwa shemeji yangu."