Msikilizaji Namba Moja

"Hivyo viti vihamishe," Radi alisema. "Mgeni akae sebuleni."

"Sebuleni joto, Baba," binti yake akajibu, akiendelea kuvipanga uani. "Na isitoshe, nani anataka sebule? Watu wanataka kuliona tangi."

Tangi lenyewe lilisimama pale pale, la chuma, refu kuliko mtu, ubavuni limeota kutu. Radi ni fundi wa kuchomelea. Ametengeneza matangi ya maji tangu ujana wake na yote ameyauza, isipokuwa hilo. Mfuniko wake aliuchomelea, asije mtoto wa watu akatumbukia, akapanga vyungu vya maua juu yake. Enzi zile za muziki wa kufokafoka, vijana wasio na studio walijua kujitafutia: yeye na mwenzake Chumvi waliingia humo na kipaza sauti ili sauti zao zipate mwangwi. Mtu akitaka kulinunua, Radi humjibu kwamba hayo ni makumbusho yake.

Wimbo wao ulitoka kwenye kaseti, ukachezwa mtaani msimu mmoja, ukasahaulika. Chumvi hata huo msimu hakuuona. Siku ile ile ya kurekodi alitoweka, na Radi akawaambia watu kwamba kapanda meli, kaenda ng'ambo kutafuta maisha. Wakaamini. Siku zile nani hakuitamani ng'ambo? Mama mtu tu ndiye aliyekataa. "Mwanangu aondoke bila kuniaga?" alikuwa akiuliza kila anayekutana naye, mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Basi mwaka huu, jamani, Radi kaokota dodo chini ya mwarobaini. Kampuni moja ilikusanya nyimbo za zamani, ikazisafisha kelele kwa mitambo, ikazitia mtandaoni. Vijana ambao hata kaseti hawajawahi kuishika wakaudaka wimbo ule. Wala si mashairi waliyoyapenda, ni biti. Du-du. Kimya. Du-du-du. Nzito, ya mbali, haichoki mpaka mwisho wa wimbo. Kwenye kaseti ilikuwa imemezwa na mivumo. Sasa ilisikika saluni, kwenye magari, kwenye simu za watoto wa shule. Watengeneza biti walijaribu kuiiga, ikawashinda. Walipomuuliza Radi aliitoa wapi, aliwajibu, "Siri ya fundi," nao wakacheka.

Ungedhani mzee atanenepa kwa furaha. Wapi! Kadiri wimbo ulivyopanda ndivyo alivyokonda. Jirani akiuweka, yeye hufunga madirisha. Kwa binti yake sababu ilikuwa wazi, maana baba yake alikwisha kumnong'oneza kwamba mashairi yote yalikuwa ya Chumvi. Mzee wangu anaogopa kuitwa mwizi uzeeni, alijisemea, na moyo ukamuuma.

Hata hivyo, umaarufu haungoji. Binti akatangaza zawadi: atakayekuwa ameusikiliza wimbo mara nyingi kuliko wote, programu ya muziki ikithibitisha, atakaribishwa chai na msanii mwenyewe. Alitegemea kijana aliyegeuza kofia nyuma. Mlango ulipofunguliwa akaingia bibi kizee aliyevaa gauni la kijani, ameshika simu ya mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Wewe ndiye…?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye mimi."

Radi alikuwa ameinuka kumlaki mgeni. Akakaa tena.

"Mama," alisema.

"Kumbe bado unanikumbuka, mwanangu." Bibi akaketi kwenye kiti kilicho karibu na tangi, akamgeukia binti. "Mimi ndiye niliyemzaa Chumvi."

Radi hakungoja kuulizwa. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mashairi ni ya Chumvi, Mama, yote, mimi niliyachukua tu. Nisamehe. Kesho nitatangaza kila mahali, jina lake litangulie, langu lifutwe kabisa wakitaka. Alilia mbele ya mwanawe bila aibu, na mwanawe alipomshika bega alilikuta limelegea, la mtu aliyetua mzigo. Afadhali, binti aliwaza. Afadhali yamekwisha.

Bibi alimwacha amalize. Akakoroga chai yake, akaionja.

"Mashairi chukua," akasema. "Mimi hata siyafuati, mnafoka mbio mno. Mimi nasikiliza ngoma. Siku mjukuu wangu alipouweka nilikuwa naosha vyombo, sahani ikaniponyoka. Tangu hapo nausikiliza kutwa, nihakikishe kama sijarukwa na akili."

"Hata mimi hiyo biti inaniua, bibi!" binti akasema, akifurahi kupata la kuchangamsha. "Na Baba hataki kabisa kusema ni chombo gani."

"Chombo," bibi alisema.

Alilitazama tangi kuanzia chini mpaka kwenye vyungu vya maua. Radi akasema, "Mama, twende ndani." Bibi akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono, akaligonga tangi kwa vifundo vya vidole. Du-du. Kimya. Du-du-du. Ilikuwa ile ile. Binti akajikuta anatikisa kichwa kuifuata.

"Kupiga hodi hakujua kabisa, yule mtoto," bibi alisema. "Tangu mdogo, akikuta mlango umefungwa, aligonga hivi hivi mpaka nimfungulie."