Baba wa Sikudhani

Moyo wa Sikudhani ulisimama alipokuwa jikoni akichambua mchele. Makungu, mumewe kwa miaka thelathini, aliijua sheria: anayeurudisha moyo wa mtu huandikwa mzazi wake, na mzazi hawezi kuwa mume wa mwanawe. Alimwita jirani kwa sauti mara moja tu, kisha hakungoja tena. Alipiga magoti, akamkandamiza kifua kwa viganja viwili mpaka mkewe akakohoa.

Sikudhani alipotoka hospitali, karani wa mtaa alimletea cheti kipya cha kuzaliwa. Makungu akahamishia kitanda chake sebuleni.

"Si ungemngoja jirani, mume wangu?"

"Ungekufa, Siku."

Asubuhi Sikudhani alimletea chai, akasimama kando kidogo. "Shikamoo, baba," akamtania.

Hakuna aliyecheka. Makungu alikipokea kikombe, kisha akaitikia: "Marahaba."