Mji Usiotolewa

Fundi alipochomeka waya wa intaneti alioutobolea ukuta toka barazani hadi chumbani, taa ndogo ya kijani ikawaka. "Bibi, sasa picha haikwami," alisema akijipangusa vumbi la tofali ndevuni.

Kweli haikukwama. Kwenye simu Hamisa alimwona bintiye aliye Maskati mpaka kovu la kidevuni. Miaka yote akimuuliza atarudi lini Korogwe, mtandao ulikuwa ukikatikia hapo hapo.

"Unarudi lini, mwanangu?"

Binti akainamisha uso. Kope zilionekana zikitetemeka.

Hamisa akaliogopa jibu, akakimbilia mchezo wao wa siku zote. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyoka wangu kalala ukutani, chakula chake maneno."

Waya wenyewe kaulipia binti huyo huyo, angekosaje kujua?

"Nimeshindwa, mama."

"Basi nipe mji."

Tangu utotoni akishindwa alitoa Tanga, akatoa Moshi, na alipohama akatoa hata Maskati. Korogwe hakuitoa kamwe. Mji wa kurudi, alikuwa akisema, hautolewi.

"Chukua Korogwe, mama."

Hamisa alingoja mtandao ukatike. Taa ya kijani iliwaka vile vile.