Mtamba na Mama Yake

"Mama mtoto, hebu geuka nikuone kwa nyuma," alisema mteuzi wa wachezaji.

Bertila alidhani hakusikia vizuri. Akiwa na jezi ya timu aliyoazimwa kwa majaribio, binti yake alikuwa ametumbukiza mipira tisa kati ya kumi kwenye pete ya uwanja wa Malangali, na bwana huyu, mnunuzi wa ng'ombe aliyeanzisha kampuni na timu yake ya netiboli, hakutazama hata mmoja. Alimbinyabinya binti miguu, akamfunua mdomo, akamkagua meno.

"Mpira anaujua," alisema. "Ila nafasi ya ajira kwenye kampuni imebaki moja, na mimi nataka mfungaji wa kunichezea miaka kumi. Ng'ombe mtamba, ambaye hajazaa, hanunuliwi kabla hujamwona mama yake. Ukiwa umefutuka kwa unene wewe, na yeye atafutuka."

Vidole vyake vilikuwa bado na mate ya mtoto. Akavipangusa kwenye suruali, taratibu, kimoja kimoja.

"Geuka tu, mama," binti alinong'ona. "Mama za wenzangu wote wamegeuka."

Bertila akawatazama wale kina mama waliokaa kwenye benchi. Kila mmoja alikuwa akirekebisha kanga yake.

"Vua jezi yao," alimwambia binti yake.

Binti hakuvua.