Vifaranga wa Tengani

Kideri kilipokuwa kikiua kuku wa mtaa mzima, Mama Tembe aliwafungia wanawe ndani ya tenga, akawa anawapenyezea chenga za mahindi. Wote walisalimika. Ugonjwa ulipopita, akaliinua tenga kwa furaha.

Siku hiyohiyo kivuli cha mwewe kikapita uani. Akawaambia wakimbilie kichakani. Vifaranga walizunguka palepale, duara la upana wa tenga, wakihema, hadi yeye mwenyewe akawafunika kwa mbawa zake.

Kesho yake jirani yake Bata alimkuta akiwakimbiza huku akiwadonoa mikia.

“Shoga, watoto wamenusurika juzi tu, nawe unawatesa?”

“Tenga liliwaokoa na kideri, sikatai. Lakini miguu yao imesahau mbio, na akili zao bado zimo tengani. Afadhali wanikimbie mimi leo kuliko wamsubiri mwewe kesho.”