Mtafiti Halii

Jeneza lilipofunguliwa, Trizah alipiga yowe hadi kunguru wakaruka kutoka shamba la mahindi. Nerima, aliyesimama ubavuni mwake, hakupepesa jicho. Aliangalia pamba puani mwa marehemu. Akaangalia mikono iliyolazwa juu ya Biblia ndogo. Akaangalia kitambaa cha kichwa, fundo likiwa upande wa kulia. Kisha akasogea ili wengine wapite.

Wasichana hao wawili walikuwa wametoka Njoro jana yake, chuo kikuu, ambako wote walikuwa wakisomea dini, mwaka wa nne. Daktari Mathenge, mwalimu wao, alitaka kila mwanafunzi ahudhurie mazishi mahali fulani, ayatazame kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha alete ripoti. Asiye na ripoti hahitimu Desemba, na hapo hakuna kubembelezana.

"Mimi nimepata mazishi, Daktari," Nerima alimwambia. "Rongai, Ijumaa."

"Una bahati. Wenzako bado wanatafuta." Halafu akarudia neno lake la siku zote: "Lakini kumbuka, mtafiti halii. Macho yakijaa maji, utaona nini?"

Neno hilo Nerima alilishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Tangu afike Rongai, kila kitu kilimjia kutoka mbali, kama redio ya jirani. Aliona hema la buluu. Aliona wanaume wakibishana kama kaburi limenyooka au limepinda. Hakuhisi njaa, hakuhisi jua. Alisema tu moyoni: hili litaingia kwenye ripoti. Na lile nalo litaingia.

Trizah yeye kazi ilimshinda mapema. Alilia akashikwa, akaachiliwa akalia tena. Na si watu husema kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia? Basi akina mama wa kanisa waliokuja na basi kutoka Nakuru mjini, waliomjua marehemu vizuri lakini watoto wake wakawajua kwa masimulizi tu, walipomsikia wakamwendea moja kwa moja.

"Huyu ndiye yule msichana wake wa Njoro?" mmoja aliuliza.

"Si unaona vile analia. Ni yeye."

"Pole, mami. Mama yako alikuwa anatuchosha na wewe. Kila Jumapili, wangu anasomea Mungu, wangu anasomea Mungu. Tukamuuliza, sasa huyo Mungu ndiye atampea kazi? Akatuambia, huyo ndiye mdosi pekee hajawahi kufuta mtu kazi."

Wakacheka kidogo, wakafuta macho. Trizah alitikisa kichwa, akanyoosha mkono, akataka kusema neno, lakini kwikwi ikamkaba. Wakamkumbatia zaidi.

Nerima alitazama hayo akiwa nyuma yao, amekunja mikono ya sweta ya kijani iliyomzidi urefu. Wafariji humwendea anayelia, akaweka kichwani. Hiyo Daktari ataipenda.

Mwendesha shughuli alipoita familia ije mbele ipigwe picha na jeneza, Nerima alikuwa nyuma ya nyumba, akitazama vile wanawake wanasonga ugali wa watu wengi. Mwendesha shughuli akaita tena, akaona waliokuja wanatosha, akaendelea na ratiba. Sitati, ndugu wa marehemu, akaja hadi pale kwenye moshi.

"Nerima. Hukai mbele?"

"Niko sawa hapa. Naona vizuri."

Sitati alimwangalia kwa muda. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha, akaenda zake kwa wageni. Mbwa wa boma, aliyeshinda akibwekea kila aliyeingia langoni, alikuja akalaza kidevu juu ya kiatu cha Nerima.

Marehemu akazikwa. Watu wakala, wakaosha mikono, wenye safari wakaanza kuangalia jua. Kwa watu wa boma lile, wafiwa hunyolewa nywele siku ya tatu baada ya mazishi. Lakini siku hizi watoto wa watu wameandikwa kazi, na mdosi hajui siku ya tatu ni nini. Kwa hivyo stuli ilitolewa nje jioni hiyo hiyo. Kukhu Nanyama, bibi mzee wa pale, mama mzazi wa marehemu, akatoka na wembe mpya na maji kwenye bakuli.

Nerima akasogea karibu. Hii ndiyo sehemu iliyokuwa imebaki. Daktari alikuwa amesema ripoti isiyo na kunyoa ni nusu ripoti, na yeye alikuwa amefika hapa macho yake yakiwa makavu.

Trizah alikuwa mkekani, amezungukwa na wale akina mama wa kanisa. Mmoja alikuwa ameanza kumfungua kilemba, polepole, kama anayemvua mtoto nguo.

"Jikaze, mami. Nywele huota."

Kukhu Nanyama aliupita ule mkeka bila kuutazama. Alienda akasimama mbele ya Nerima, akamshika kidevu kwa vidole vyenye maji.

"Keti uiname, mjukuu wangu. Kifungua mimba ndiye huanza."

Nerima akaketi, akainama. Nywele za kwanza zikamwangukia mapajani, juu ya sweta ya kijani.

"Kukhu," akasema, "kile kitambaa mlimfunga vibaya. Mama alikuwa anafungia kushoto."