Watu wa Pazia

Torkel alipimwa urefu kwanza. Kinanda kilifuata baadaye, tena kwa dakika mbili tu.

"Mita moja na themanini na nne," alisema Rutger, akiikunja futi yake ya mbao. "Safi. Kama yeye kabisa."

Uswidi nzima iliwajua watu wa pazia, Gorm na Siv, lakini hakuna aliyewahi kuwaona sura. Walipiga muziki wao wa mashine nyuma ya shuka jeupe, taa ikiwa mgongoni kwao, watu wakaambulia vivuli viwili. Hata sauti ya uimbaji ilipitishwa mashineni mpaka usijue ni ya nani. Albamu ya kwanza ilichezwa hadi kwenye saluni za Kiruna, kaskazini kabisa. Sasa ilingojewa ya pili, na Rutger, meneja wao, alikuwa ameshaitangaza.

"Gorm kaondoka," alimwambia Torkel ndani ya gari. "Usiniulize kaenda wapi. Siv bado hajakubali. Atakuita Gorm, wewe itika tu. Na ya nyuma usiyaguse, utamvuruga. Tumeelewana?"

Torkel alikuwa na miaka thelathini na nane, kumi na tano kati ya hiyo ameimalizia kwenye kumbi za mji wa Borås akiwapigia wazee muziki wa kucheza wawili wawili. Angeitika hata jina la mbwa.

Nyumba ilikuwa peke yake msituni, mbele yake ziwa limeganda. Rutger alimshusha Jumatano mchana, akageuza gari. Siv ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama mgeni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Umerudi, Gorm," alisema. "Kahawa iko tayari."

Looo! Nywele zilimsimama Torkel. Akainama avue viatu, maana huku kwetu hata mwizi huvua viatu mlangoni, ndipo akaziona buti kubwa za kiume, zenye manyoya ndani, zimepangwa karibu na za kike. Mtu gani anaondoka Februari, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri, akaacha buti zake?

Alipaswa kuuliza palepale. Lakini sisi Waswidi, jamani! Utakaa ukuta kwa ukuta na jirani miaka kumi, usimuulize hata kama mkewe yu hai. Kuuliza ni ukorofi. Kwa hiyo Torkel akanywa kahawa, akala mkate wa mdalasini, akausifu mdalasini.

"Kila kitu kiko palepale ulipokiacha," Siv alisema, huku akifungua kabati la tatu kutafuta sukari.

Walianza kazi siku hiyohiyo. Siv alikaa na hedifoni masikioni, akirudia albamu ya kwanza, wimbo mmoja mara ishirini, midomo ikiufuata. Anamlilia marehemu, Torkel aliwaza, kisha akajishtukia. Marehemu? Nani kasema mtu amekufa? Akiingia chumbani kwake, Siv alifunga kwa ufunguo, tena akaburuta kabati nyuma ya mlango. Alhamisi kisu cha mkate kilitoweka jikoni. Torkel akaona mpini wake umechomoza kwenye mfuko wa sweta la Siv.

"Unakata nini na hicho?"

"Mkate."

"Mkate si uko huku mezani?"

"Najua ulipo," Siv akajibu, akatoka jikoni kinyumenyume.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Torkel alikuwa studio, ghorofani, akipekua kompyuta kutafuta mdundo. Akakuta rekodi ya wiki tatu nyuma. Sauti ya mwanamume ilisema, "Albamu ya pili hatutoi. Imetosha. Tunataka kuishi kama watu wengine." Kiti kikaanguka. Kitu kizito kikaburutwa sakafuni, muda mrefu. Halafu hatua za mtu zikaja taratibu, na rekodi ikazimwa.

Torkel aliogopa, na wala sioni haja ya kumfichia. Jasho lilimtoka katikati ya Februari. Akampigia Rutger.

"Amemuua," alinong'ona. "Siv amemuua Gorm. Nina rekodi hapa, sauti yake imo. Njoo unitoe, Rutger, mimi ndiye nitakayefuata!"

Rutger akamjibu, "Umefanya la maana kuniambia mimi kwanza. Kaa hapohapo, usimpigie mtu mwingine. Nakuja."

Nusu saa iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya Borås. Hatimaye magurudumu yakasaga theluji uani, na Torkel nusura alie kwa furaha. Ujasiri ukamrudia. Akageuka, akamkuta Siv amesimama kwenye mlango wa studio, mweupe kama karatasi, kisu mkononi.

"Nimeisikia hiyo rekodi," Siv alisema. "Kuta za mbao hizi."

"Usinisogelee! Rutger huyo, kafika. Leo ndio mwisho wako." Torkel alijikuta anapiga kelele. "Gorm yuko wapi? Umemfanya nini, we mwanamke?"

Kisu kikamponyoka yule mwanamke, kikaanguka.

"Gorm si ni wewe?" alisema. "Mimi naitwa Hedvig. Rutger kanileta hapa Jumatatu. Kasema Siv kaondoka, na wewe bado hujakubali."

Chini, mlango mkubwa ulifunguka, kisha ukafungwa kwa ufunguo kutoka ndani.